Tupeane uzoefu: mkupuo umeingia mwaka mmoja tu, chuo Marekani kimepunguza msaada

Mleta mada, Chumbageni: Wadau wa Tanga wenye vijana vyuoni Marekani, mzazi kastaafu 2024 akalipwa mkupuo wa pensheni, au kalipwa fidia ya shamba. Fomu ya msaada ya 2026/27 inaangalia mapato ya 2024, kwa hiyo chuo kinamwona tajiri ambaye hayupo tena. Mwenye kujua rufaa inavyoandikwa aweke hapa.

Raskazone: Kwanza mjue nani anaamua. CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa vyuo, ni ya College Board, taasisi ya huko Marekani, lakini kiasi cha msaada kinapangwa na ofisi ya msaada wa fedha ya chuo chenyewe. Rufaa iende huko, na namba ya mwanafunzi juu. Wala usiufiche mkupuo. Jaza kama ulivyoingia, halafu eleza kwenye sehemu ya mazingira maalumu. Takwimu zikipishana na nyaraka, faili linawekwa kando mpaka mjibu maswali, na tarehe ya ada haisubiri.

Ngamiani: Barua iwe ukurasa mmoja, hesabu zitangulie. Mfano, mstaafu wa mwisho wa Juni 2024 aliyekuwa na mshahara wa 1,200,000 kwa mwezi:

2024: mshahara wa miezi 6, 7,200,000, mkupuo 40,600,000, pensheni ya miezi 6, 3,300,000. Jumla 51,100,000.
2025: pensheni 550,000 × 12 = 6,600,000. Basi.

Afisa akiona mistari hiyo, nusu ya kazi imeisha, huna haja ya kumlilia. Ambatisha barua ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inayotenganisha mkupuo na pensheni ya kila mwezi, hati ya mshahara ya mwisho, na taarifa ya benki ya miezi 12. Mwajiriwa wetu anakatwa PAYE na mwajiri, kwa kawaida hana ritani ya kodi ya kwake. Wenzetu kule hawalijui hilo; liandikeni wazi, na barua ya mwajiri ishike nafasi ya ritani.

Mama wa Makorora: Swali la pili lazima lije: hela imekwenda wapi? Ikiwa bado imelala benki, hata wakiitoa kwenye mapato wataihesabu kama akiba. Kwa hiyo onyesheni matumizi na risiti: deni la SACCOS, matibabu, ada za wadogo zake. Kuweni makini na nyumba. FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, haihesabu nyumba mnayoishi, ila vyuo vingi vya CSS Profile huiangalia, kwa hiyo "tulimalizia kupaua" haiwapunguzii kitu. Deni lililolipwa lina nguvu zaidi.

Chongoleani: Upande wa fidia, iwe ya bomba la mafuta au ya barabara, hoja ni kwamba hayo si mapato, ni shamba lililogeuka fedha. Fomu ya fidia ina mistari yake: ardhi, mazao, majengo, posho ya usumbufu, usafiri. Itafsiriwe kwa Kiingereza mstari kwa mstari, na nakala ya Kiswahili yenye muhuri iwe nyuma yake. Halafu kuna jambo barua nyingi zinaliacha: ile minazi ilikuwa inaingiza hela kila mwaka, na sasa haipo. Maana yake kipato cha mbele ni kidogo kuliko hata cha kabla ya fidia. Hilo liwekwe aya ya kwanza.

Raskazone: Hapo umenena, kaka. Mtego mwingine ni I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi. Mkupuo uleule mkiuonyesha kama fedha za kumsomesha kijana ili apate I-20 na viza, halafu kwenye rufaa mkasema umekwisha, chuo kina karatasi zote mbili. Wekeni tarehe: siku ile salio lilikuwa hivi, leo ni hivi.

Pongwe: Na mtoto mwenye uraia wa Marekani?

Raskazone: Huyo anajaza FAFSA. Sheria inampa afisa wa chuo mamlaka ya kurekebisha takwimu kwa mwanafunzi mmoja mmoja, na chuo hakiruhusiwi kuwa na utaratibu wa kukataa maombi yote. Ila akishaamua ameamua. Wizara ya Elimu ya Marekani haipokei rufaa juu yake.

Ngamiani: Kiasi kiandikwe kwa shilingi na kwa dola, na kiwango cha siku mliyobadilishia. Mkitaka kupiga simu, ofisi za pwani ya mashariki zikifunguliwa saa tatu asubuhi yao, huku ni saa kumi jioni wakati wao wa kiangazi, saa kumi na moja wakati wa baridi.