Naomba ushauri: kila tukimbana, ana sababu mpya

Wanajamvi, heshima kwenu. Tunasuluhisha ndoa moja hapa Ujiji, mume ni mvuvi wa dagaa. Giza la mwezi likiingia, anahamia kambi ya wavuvi. Anarudi mbalamwezi ikikolea. Huko ana mwanamke mwingine, na hakatai.

Kinachotukwamisha ni utetezi. Kwanza ilikuwa "upweke". Tulipouhoji, ikawa "hela ya matumizi sijawahi kukata", kana kwamba kutuma hela ni kibali. Tulipobana zaidi: "mke alipoa kwangu tangu mtoto wa pili." Mwanasaikolojia Leon Festinger alilieleza hili mwaka 1957: tendo likigongana na anachokiamini mtu, hutafuta maelezo ya kuituliza nafsi. Tunaona ndicho kinachotokea hapa.

Tumewakalisha pamoja mara mbili. Mke analia, mume anaongeza sababu. Tulipokaa na mume peke yake, tulimtaka ataje matendo tu, bila "kwa sababu": lini alichukua namba, lini alianza kulaza simu kifudifudi. Hapo alinyamaza muda mrefu.

Je, tuendelee naye peke yake vikao vingapi kabla ya kumrudisha mbele ya mke? Na hilo la kupoa, ambalo huenda lina ukweli, tulisikilize lini lisije likageuka ruhusa?