Mpango wa kukimbia: kabla ya kinu au baada ya kinu?

BintiGede
Jamani hamjambo. Mnakumbuka Uyombo, huku kwetu Kilifi, 2024: watu walirushiwa gesi ya kutoa machozi kwa kukataa kinu cha nyuklia cha megawati 1,000. Sasa serikali imegeuza shingo, macho yako Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sitaki tuanze tena nyuklia nzuri, nyuklia mbaya, hiyo tumeitafuna mpaka imekuwa makapi. Nauliza hivi: mpango wa dharura (ving'ora, barabara za kutokea, vidonge vya ayodini, nani atabeba wagonjwa) uandikwe na kuidhinishwa kabla eneo halijachaguliwa, au ni yale ya mbele kwa mbele? Na nani aukubali? Mdhibiti wa nyuklia aliyeundwa na sheria ya 2019 peke yake, au kaunti nayo ina kauli? Katiba, Jedwali la Nne, imewapa kaunti zimamoto na kushughulikia maafa.

Mimi nakaa Gede. Barabara yetu ni moja. Kusini ni daraja la Kilifi, kaskazini Malindi kisha mto Sabaki, nyuma msitu wa Arabuko-Sokoke, mbele bahari. Novemba 2023 mvua ilipokata daraja la Mbogolo tulikaa kama kuku kwenye tenga. Hapo hakukuwa na mionzi, ilikuwa mvua tu.

FundiStima
Dada BintiGede, heshima zako, lakini hofu hii ni ya mwaka 86, ya ajali ya kinu cha Chernobyl. Teknolojia imebadilika. Marekani kwenyewe, 2023, tume yao ya udhibiti imepitisha kanuni mpya kwa vinu vidogo: habari ya eneo la dharura la maili 10 kwa kila kinu basi. Unapiga hesabu ya dozi ya mionzi inayompata mtu, milisiveti 10 (ndicho kipimo chake) ndani ya saa 96, na pale inapoishia ndipo eneo lako la dharura linapoishia. Ikiishia kwenye ua wa kiwanda, basi ni ua wa kiwanda. Sisi hata jiwe la msingi hatujaweka tunataka kuhesabu mabasi ya kukimbilia? Mtafukuza wawekezaji bure.

Halafu tuseme ukweli, king'ora kikilia huko Pwani hakuna atakayekimbia. Watatoka na vikoi vyao kwenda kutazama.

MvuviMstaafu
Hebu rudia hiyo ya vikoi.

FundiStima
Mzee wangu, ni utani tu. Hata ile tsunami ya 2005 si watu walishuka ufuoni kuokota samaki?

MvuviMstaafu
Tarehe 26 Desemba 2004, mwanangu, siku ya pili ya Krismasi. Kama hukuwepo, uliza. Mimi nilikuwa Watamu. Maji yalirudi nyuma mpaka ngalawa zikalala ubavu juu ya mchanga, na mwamba ambao babangu alikuwa akinionyesha kwa kidole tu, majini, nikauona mkavu mwaka huo. Kweli watoto walianza kushuka. Waliorudishwa walirudishwa na wenye umri wangu, kwa kupigiwa kelele na wengine kwa bakora. Mombasa polisi waliondoa watu ufuoni. Kenya nzima alikufa mtu mmoja. Somalia karibu mia tatu. Sasa nionyeshe huyo wa kikoi.

KipandeChaNakuru
Mzee amemaliza. Na Sachang'wan, huku kwetu Nakuru, Januari 2009, lori la petroli lilipopinduka, zaidi ya watu 100 wakateketea wakichota. Wale walikuwa Waswahili? FundiStima, watu wako hao.

FundiStima
"Watu wako" maana yake nini? Taja kabila tujue.

KipandeChaNakuru
Wewe ndiye uliyeanza kugawa watu kwa vikoi.

ManyemaTabora
Wakenya, msigombanie aibu, na sisi tunayo. Morogoro, pale Msamvu, Agosti 2019, hivyohivyo, lori la mafuta, zaidi ya 100. Wala haihusu Pwani wala Bara. Mtu akiona lita tano za bure hahesabu hatari.

MamaKayole
Kwa hiyo marehemu walikuwa wachoyo? Nina jirani aliyezika mtoto kwa moto wa namna hiyo. Chunga mdomo, kaka.

ManyemaTabora
Samahani mama. Sikukusudia hivyo. Nilitaka kusema hakuna aliyewaambia lolote kabla.

Msimamizi
Makabila nje. Atakayeendelea nafuta.

WakiliWaBure
Narudi kwenye swali, maana ni zuri kuliko majibu yake. Kuna kinu kiliitwa Shoreham, Long Island, jimbo la New York. Kilijengwa mpaka kikaisha, kikawashwa kwa majaribio kidogo. Baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island, hukohuko Marekani, ya 1979, Marekani ilitaka kila kinu kiwe na mpango wa kuhamisha watu, na serikali za mitaa zishiriki. Kaunti ya Suffolk ikakaa, ikatazama ramani ya kisiwa chembamba chenye barabara zilizojaa, mwaka 1983 ikasema: hatuwezi kuwahamisha watu hawa kwa usalama, na hatutatia saini kitu tusichokiweza. Kinu hakikuuza umeme wa kibiashara hata siku moja. Karibu dola bilioni 6, na mlipaji akawa mwenye bili ya stima. Hiyo ndiyo gharama ya kuuliza swali la BintiGede mwishoni badala ya mwanzoni. Na kifungu alichotaja cha maafa kinaipa kaunti yetu nafasi ya kusema kama Suffolk. Nani amelifikiria hilo?

FundiStima
Wewe ni wakili kweli au ni jina tu?

WakiliWaBure
Ni jina tu. Jibu hoja.

FundiStima
Haya basi, asiye wakili. Fukushima, vinu vitatu viliyeyuka. Mionzi iliua wangapi? Serikali ya Japani imekubali kifo kimoja cha saratani. Kimoja! Moshi wa kuni jikoni unaua wangapi hapa kwetu?

BintiGede
Kaka, umenibebea hoja yangu mwenyewe. Mionzi haikuua wengi, kukimbia ovyo ndiko kulikoua. Usiku wa tarehe 11 Machi 2011 waliambiwa walio ndani ya kilomita 2 watoke. Nusu saa baadaye, kilomita 3. Alfajiri, kilomita 10. Jioni yake, kilomita 20. Watu wanahama, wanafika, wanaambiwa hameni tena. Wagonjwa wa Hospitali ya Futaba walipakiwa mabasini, wazee wa kitandani, safari ya masaa na masaa bila daktari wala dripu, wengi wakafia njiani na huko walikofikishwa. Mkoa wa Fukushima umehesabu zaidi ya vifo 2,000 vilivyotokana na kuhama na maisha ya baada ya kuhama. Sasa wewe unaipenda nyuklia na mimi ninaiogopa, lakini sote tunahitaji karatasi ileile. Wakati mwingine mpango mzuri unasema: kaeni ndani, fungeni madirisha. Ila lazima mtu awe ameamua hivyo kabla, nasi tuwe tumeambiwa kabla.

Na mdhibiti wao wakati ule alikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikiipigia nyuklia debe. Walimtenganisha 2012, maji yalishamwagika.

FundiStima
Kwa hiyo unakubali mionzi haikuua wengi. Asante.

BintiGede
Subhanallah.

MamaKayole
Nyinyi mnabishana kuhusu sheria kana kwamba sheria ikishaandikwa imefanya kazi. Embakasi, Februari 2024, saa tano na nusu usiku, ghala la gesi limelipuka katikati ya nyumba za watu. Mdhibiti wa nishati alisema nini asubuhi? Kwamba alikuwa amekataa kutoa kibali mara tatu mwaka uliotangulia. Alikataa kweli! Na gesi ilikuwepo. Kwa hiyo mnipe mdhibiti wa nyuklia mwenye vyeti vya Vienna, vya shirika la kimataifa la atomiki, ukuta mzima, mimi nitauliza tu: akisema hapana, ni nani atakwenda kufunga geti?

MvuviMstaafu
Na Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga sumu ya madini ya risasi kwenye maji na udongo wa watu, wameenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu. Shilingi bilioni 1.3 walizopewa 2020 zilipiganiwa miaka. Hapo ni betri za magari. Wala sijarudi kwenye kikoi, lakini sijasahau.

ManyemaTabora
Mimi niko Cape Town mwaka wa saba, kikazi. Kinu cha Koeberg kiko pwani, si mbali na mji, kinafanya kazi tangu 1984. Nawaambia ninachokiona, nanyi hukumuni. Kuna duara la kilomita 5 na duara la kilomita 16. Kila mwaka walio ndani wanapewa kalenda. Ndiyo, kalenda ya ukutani, ya kuandika siku ya kulipa kodi. Ndani yake kuna ramani, namba za simu, na maelekezo: ukisikia king'ora ingia ndani, funga milango na madirisha, washa redio. Ving'ora vinajaribiwa na watu wanatangaziwa kabla. Mara ya kwanza nilisikia niko bafuni na sabuni machoni, nikadhani Kiyama. Mwenye nyumba, bibi wa hapahapa Cape Town, alikuwa anamenya viazi. Hakuinua hata kichwa. Akasema leo ni majaribio, tazama kalenda.

Lakini hata huku watu wanalalamika: mji umekua, magari yameongezeka, na barabara ni zilezile.

KipandeChaNakuru
Kalenda huku ingekuwa na picha ya mheshimiwa miezi yote 12.

MlaMchi
Hivi kwa nini tunakiita kinu? Kinu kina mchi. Mchi uko wapi?

MvuviMstaafu
Mchi ndio wewe mlipa bili.

FundiStima
😂 Mzee, hapo nimekuvulia kofia. Lakini vidonge vya ayodini si tunakula chumvi yenye madini joto kila siku? Hilo tumeshalimaliza.

WakiliWaBure
La. Ile ya chumvi ni kiasi kidogo cha kuzuia rovu. Kidonge cha dharura ni dozi kubwa, kinajaza tezi ya shingo ili ayodini yenye mionzi ikose nafasi, na kinafaa kikimezwa kabla au mara tu baada ya mionzi kufika. Hakizuii kingine chochote. Ndiyo maana kinatakiwa kiwe karibu na watu, si kwenye bohari ya Nairobi kikingoja sahihi tatu. Na bado hujanijibu kuhusu Shoreham.

FundiStima
Nitajibu nikitoka kazini.

ManyemaTabora
Nikiongeza kidogo: ziwa si la Kenya peke yake. Musoma na Mwanza wanakunywa maji hayohayo, Uganda pia. Kuna mkataba wa 1986, baada ya Chernobyl, wa nchi kuarifiana mapema. Mtatuarifu?

KipandeChaNakuru
Tutawatumia kalenda.

MbutaMkavu
Nimesoma kurasa zote mbili, hakuna aliyetuuliza sisi. Mimi ni wa Mageta, kisiwani, kaunti hiyohiyo ya Siaya. Mnahesabu barabara, sisi hatuna barabara ya kuhesabu. Tunavuka kwa boti ya injini, inajaa magunia, mbuzi na wanafunzi, na upepo wa mchana ukiamka nahodha anakataa kuondoka mpaka utulie. Mwaka jana shemeji alishikwa na uchungu wa kuzaa saa tisa alasiri. Tulimkalisha ufuoni chini ya mkuyu mpaka saa moja usiku, mama mkwe anamfunika kwa leso, sote tunatazama maji. Alizalia botini, mtoto mzima, ni msichana.

FundiStima, ule ua wako wa kiwanda uko upande gani wa upepo?