Kaka yangu akaishi wapi: kihambani, kupanga mjini au kituoni? (Moshi)

binti_kibosho
Wadau, naombeni mawazo. Kaka yangu ana miaka 31, ana mtindio wa ubongo na anatumia kitimwendo. Akili anayo kunizidi, ila mikono na ulimi vinamchelewesha. Anayemnyanyua ni mama, na mgongo wake sasa umegoma. Tumefikiria chumba chake chenye choo hapa kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, au kupanga Majengo na kijana mwenye hali kama yake, familia mbili tuchangie mlezi, au kituo.

fundi_pasua
Dada, masika ya Kibosho unayajua, kitimwendo na tope haviivi. Mkijenga, mteremko kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele. Yaani ngazi mbili za sentimita 15 zinakula mita 3.6. Mlango upite sentimita 80 safi, usipimiwe fremu. Na chooni simamia mwenyewe nafasi ya kugeuza kiti, mita moja na nusu. Mafundi hupenda kuiba hapo ili sebule iwe kubwa.

mama_moshono
Sisi Arusha tumechagua kupanga. Binti yangu ana ulemavu wa akili, anaishi na mwenzake. Siku hizi anajichagulia kanga, anakwenda kununua maandazi na chenji anaidai! Nyumbani nani angemwachia? Shida ni usiku. Mlezi mmoja hawezi kushinda kazini na kukesha pia, kwa hiyo tuna wawili wa zamu, na daftari jikoni: dawa gani, saa ngapi, nani katoa. Halafu andikishaneni. Familia moja ikijitoa ghafla, kodi yote inakuangukia wewe.

mzee_rau
Kituo msikitegemee sana. Vingi ninavyovijua huku ni vya watoto au vya mafunzo. Kile cha kanisa la KKKT, Usa River, kinafundisha vijana ufundi, ukihitimu unarudi kwenu. Kiti chenyewe kaulizieni hospitali ya KCMC, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vitimwendo, wako palepale. Halmashauri nayo ina mikopo, asilimia 2 ya mapato ya ndani ni ya watu wenye ulemavu, lakini ni ya biashara, si ya matofali.

mwanasheria_mtaani
Mbona hakuna aliyegusa ardhi? Kwa mila yetu kihamba hubaki kwa kitinda mimba wa kiume. Mama akiondoka, hicho chumba kitakuwa kwenye shamba la nani? Wosia wa maandishi, wenye mashahidi, kabla ya tofali la kwanza. Na kaka mwenyewe anasemaje?

binti_kibosho
Shikamoo mzee, asanteni wote. Nimemsomea kila kitu. Anataka Majengo, eti banda umiza, la kutazamia mpira na filamu, liko karibu na huku mtandao unashika migombani tu! Mama anagoma. Kitinda mimba yupo Dar, nitampigia leo kuhusu wosia. Mama wa Moshono, mlezi wa usiku mnamlipa kwa mwezi au kwa zamu?

mama_moshono
Kwa mwezi, mwanangu. Ukilipa kwa zamu, Krismasi hutampata.