Naombeni ushauri, nani awe na neno la mwisho kwenye programu huria yetu?

Wakuu habari zenu. Tuna programu huria (yaani yeyote anaweza kuona kodi yake na kuiboresha) ya kutunza hesabu za vikoba, tulianza watatu saivi tuko 11 ila mwenye uwezo wa kupitisha mabadiliko ni mimi tu, nikiumwa wiki kila kitu kinasimama, na juzi wawili wamegombana kuhusu databesi mpaka mmoja kaondoka, imeniuma sana maana alikuwa fundi kweli. Naona Python, ile lugha ya kuandikia programu, baada ya mwanzilishi wake Guido van Rossum kuachia ngazi 2018 waliunda baraza la watu 5 wa kupigiwa kura, Debian nao, wale wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wanachagua kiongozi kila mwaka. Sasa sisi wachache hivi tupige kura au niteue wawili nigawane nao madaraka? Na aliyeondoka nimrudishe vipi? Aliyepitia hili anisaidie jamani.