Naomba ushauri: jina la kijarida cha vijana wa parokia, Pemba

VijanaWete
Tumsifu Yesu Kristo. Vijana wa parokia yetu hapa Pemba tunaanzisha kijarida cha kila mwezi, kurasa 8 za A5, yaani karatasi 2 za A4 zilizochapwa pande zote na kukunjwa kati. Ndani: tafakari ya masomo ya Dominika, maswali ya katekesi, maisha ya mtakatifu mmoja na habari za jumuiya. Kitagawiwa baada ya Misa, lakini tunajua kitafika pia skuli, madukani na kwa majirani zetu Waislamu. Majina yaliyoletwa kikaoni ni Sauti ya Vijana Wakatoliki Pemba, Mwanga, Juya na Mahujaji wa Matumaini. Hakuna lililopata wengi. Tutafute wapi jina, na tulipime vipi kabla ya kuchapa?

KatekistaUnguja
Milele na milele, amina. Mkitaka neno "Wakatoliki" liwe ndani ya jina lenyewe, someni kwanza Kanuni ya 216 ya Sheria za Kanisa za 1983: shughuli yoyote ya waamini haiwezi kujiita katoliki bila ridhaa ya mamlaka husika ya Kanisa. Kwenu ina maana paroko aandike barua kwa Askofu wa Jimbo la Zanzibar, maana jimbo ni moja kwa Unguja na Pemba, na aambatanishe toleo la mfano. Mkichagua jina fupi lisilo na neno hilo, kisha chini yake mkaandika "kijarida cha vijana wa parokia ya" fulani, msomaji anajua mara moja nyie ni nani. Ruhusa ya paroko mnaihitaji vyovyote vile, kwa maandishi. Na kabla ya kukigawa nje ya ua wa kanisa, ulizeni Idara ya Habari Maelezo ya hapa Zanzibar. Msifuate maelezo ya Bara, kwani sheria zetu za habari ni mbali.

Mahujaji wa Matumaini liacheni. Ni kaulimbiu ya Jubilei ya 2025, na Jubilei hiyo ilifungwa tarehe 6 Januari 2026. Jina la kaulimbiu huchakaa pamoja na mwaka wake. Halafu Pemba ukimwambia mtu "mahujaji" anafikiria Makka, na ni haki yake.

Mwanga nalo hapana kabisa. Bara halina neno, ila huku mwanga ni mchawi vilevile, wingi wake wanga. Watu wa Pemba wameshachoka kusikia kisiwa chao kikitajwa kwa uchawi, msiwaongezee.

MamaWawata
Nyongeza kwa wanangu: hakikisheni pia jina halijachukuliwa. Kiongozi ni gazeti la Kanisa, Tumaini ni la vyombo vya habari vya Jimbo Kuu la Dar es Salaam, na Nuru linakaribiana mno na An-nuur, gazeti la Kiislamu. Msomaji akichanganya, mtakuwa mmewakosea wenzenu.

Mahali pa kutafuta mnapo tayari midomoni: Litania ya Bikira Maria. Isomeni polepole mkiwa na kalamu. Nyota ya Asubuhi, Mlango wa Mbingu, Waridi Lenye Fumbo. Nyota ya Asubuhi lina faida mbili, kwani Ufunuo 22:16 Kristo mwenyewe anaitwa hivyo.

Ila mimi ningewapa Bakhita. Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, mwisho akawa mtawa Italia. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na sikukuu yake ni 8 Februari. Jina ni la Kiarabu, lina maana ya mwenye bahati, kwa hiyo hakuna Mzanzibari atakayeshindwa kulitamka. Na visiwa hivi vilivyouza watu vina deni la kumkumbuka. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Unguja mwaka 1863, kazi yao ya mwanzo ilikuwa miongoni mwa watumwa waliokombolewa.

MwanaDiko
Bi Mkubwa umesema kweli, lakini nyie mko kisiwani. Fungueni na Biblia ya Union mtafute maneno ya bahari. Waliotafsiri walichukua Kiswahili cha pwani hasa.

Juya limo Mathayo 13:47, ule wavu uliokusanya wa kila namna. Mfano ni mzuri, lakini dikoni, kwa wavuvi, juya ni nyavu ya kukokota, inang'oa majani ya bahari na kuvunja matumbawe, na imepigwa marufuku. Mvuvi akiliona kwenye karatasi atauliza mmekamatwa lini. Jarife la Yohana 21:6, "Litupeni jarife upande wa kuume wa chombo", halina tatizo hilo; ni nyavu halali ya papa na nguru.

Nanga ni Waebrania 6:19, "nanga ya roho". Wakristo wa kwanza waliichora makaburini Roma kama msalaba uliofichwa.

Langu ni Tweka. Luka 5:4, Yesu anamwambia Simoni, "Tweka mpaka kilindini". Mtoto wa Pemba anajua kutweka tanga na anajua kumtweka mtu mzigo kichwani, na kijana Mkristo anahitaji yote mawili. Msichukue Kilindini yenyewe, hiyo ni bandari ya Mombasa. Jahazi pia liacheni, watu watasubiri taarabu.

MchapajiDarajani
Niseme la mashine. A5 ina upana wa milimita 148. Ukiacha 15 kila upande zinabaki 118. Sauti ya Vijana Wakatoliki Pemba ni nafasi 32 kwa mstari mmoja: kwa herufi kubwa nzito mtafika pointi 17 hivi, na kwa hatua nne ni shida kusoma. Tweka inaingia kwa pointi 80. Bakhita itapungua kidogo, bado inasomeka.

Msiweke herufi nyeupe juu ya bango jeusi. Kwenye fotokopi weusi mpana hutoka na mabaka, na herufi zinaliwa kingo. Herufi nyembamba nazo hukatika mkitoa kopi kutoka kwenye kopi; wekeni nakala mama moja safi, kila kopi itoke kwenye hiyo.

VijanaWete
Tunashukuru sana wazee wetu. Zimebaki Tweka, Nanga na Bakhita. Tunapimaje?

KatekistaUnguja
Tafuteni watu 10, watano wa parokia wa rika mbalimbali na watano wasio wa parokia. Mpigie kila mmoja simu, mtajie jina mara moja tu, kisha umwombe aliandike na akutumie. Wakikosea zaidi ya wawili, jina lina kasoro. Halafu muulize: unadhani ndani mna nini? Msimsahihishe, andikeni jibu lake kama lilivyo.

Baadaye msomaji wa matangazo ajaribu kwa sauti: "Chukueni Tweka mlangoni." Sawa. "Chukueni Bakhita mlangoni" inasikika kama mgeni wa kupokelewa, hivyo mngelazimika kusema "kijarida cha Bakhita" kila Dominika.

MamaWawata
Hapo kwa matangazo nimekubali. Basi Bakhita apewe ukurasa wa mtakatifu katika toleo la Februari, na toleo la kwanza litoke tarehe 24 Januari, sikukuu ya Fransisko wa Sale, msimamizi wa waandishi.

MchapajiDarajani
Mkichukua Tweka, nembo iwe tanga la pembetatu na mlingoti wenye kijiti cha kukingama juu, ndio msalaba wenu. Mistari isipungue milimita 1 unene. Nileteeni mchoro kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, ukubwa mara mbili ya utakaochapwa, tutaupunguza kwa asilimia 50.