Mzee ana kansa ya tezi dume, PET imeonyesha kivimbe kichwani

Kijana_wa_Korogwe
Habarini wakuu. Baba ana miaka 71, kansa ya tezi dume aligundulika nayo mwaka juzi, sasa PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) ikaanza kupanda tena ndo tukampeleka India akapigwa PET ya PSMA, ile skani ya mwili inayofanya sehemu zenye kansa ziwake kwenye picha. Mifupa safi, mitoki safi, ila ripoti inasema kuna kitu kimewaka kwenye utando wa ubongo, sentimita 1 na nusu. Kichwa hakimuumi, shamba analima mwenyewe. Nyumbani wameshaanza kulia, wanasema imepanda kichwani. Kuna aliyepitia hili?

mamaZuu
Pole mdogo wangu. Ikishafika kichwani hiyo ni stage 4, mkae na mzee karibu.

Fundi_Skani
Dada usiwakatishe tamaa kwa ripoti ambayo haijakamilika. Mimi niko idara ya skani. PSMA ni protini ambayo skani hiyo inaitafuta, na ingawa imeitwa kwa jina la tezi dume haikai huko tu, tezi za mate, za machozi na figo zinawaka kwa kila mtu, na vivimbe vingine vikiota mishipa mipya ya damu navyo vinaidaka. Meninjioma ni mojawapo. Inaota kwenye huo utando unaofunika ubongo, nyingi sio kansa, inakua taratibu mno, mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kujua. Na kansa ya tezi dume kawaida yake ni mifupa na mitoki, ndani ya ubongo wenyewe ni nadra. Ila utando inaweza kuushika, kwa hiyo PET pekee haitoshi, mpigeni MRI ya kichwa ile ya kuchomwa dawa mshipani (wapime figo kwanza), daktari wa upasuaji wa ubongo aione.
Swali: alishawahi kumeza siproteroni, ile dawa ya kuzuia homoni za kiume? Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kwamba dozi kubwa inahusishwa na meninjioma.

babu_K
Baba mdogo alikutwa na kama hicho, MRI ikasema meninjioma, hawakumpasua. Anarudia picha kila mwaka, mpaka leo hakijaongezeka.

Kijana_wa_Korogwe
Asanteni sana, na dada sijakasirika. Fundi nimeenda kuangalia maboksi ya dawa zake sasa hivi, siproteroni ipo, kaimeza zaidi ya mwaka na bado anaimeza.

Fundi_Skani
Basi mpigie daktari wake leo hii umwambie hilo, msisubiri kliniki. Ikithibitika ni meninjioma hiyo dawa inaachwa, ila abadilishe daktari, mzee asiache mwenyewe.