Usaili wa chelo Ujerumani, zimebaki wiki sita: nianze na kipi?

Mwenye swali
Wakuu, salaam. Nimepata mwaliko wa usaili wa orkestra, nafasi ya chelo (fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa) za nyuma, si ya kiongozi. Duru ya kwanza ni konseto (kazi ya solo na orkestra) ya Haydn ya D, ya pili ni ya Dvořák au Schumann, ya tatu vipande vya chelo kutoka kazi za orkestra. Nguvu niweke wapi? Na chelo inapandaje ndege?

UpindeMrefu
Haydn. Duru hiyo ndiyo inayochuja wengi, mara nyingi ukiwa nyuma ya pazia, na wanaweza kukusimamisha baada ya dakika chache tu. Ukurasa wa kwanza uwe safi kuliko yote. Oktava za kidole gumba (noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, gumba likiwa juu ya nyuzi) zifanye polepole: sauti ya chini peke yake hadi itulie, ndipo uongeze ya juu. Mpiga piano wa kukusindikiza ni wa kwao na mazoezi naye ni mafupi sana. Usimweleze kwa maneno, mwimbie mistari miwili kwa kasi unayoitaka.

Orkestra nyingi za huko hutyuni noti ya A kwa hezi 442 au 443, si 440. Hamia leo. Nyuzi mpya zifungwe wiki mbili kabla; za jana yake zitashuka katikati ya Haydn.

Mama Solfa
Kwenye vipande, simfoni ya 5 ya Beethoven, mwendo wa pili, huangusha watu kwa mdundo: noti zenye nukta zinalegea zinakuwa triplet (noti tatu sawa ndani ya pigo). Weka metronomu (kipima mapigo) kwenye noti ndogo, si kwenye pigo. Simfoni ya 2 ya Brahms, mwendo wa pili, imeandikwa poco forte (nguvu kiasi), lakini watu huanza kwa nguvu zote, kisha wakakosa pa kupanda.

Kigingi
Ndege: nunua kiti cha pili kwa kupiga simu, maana tovuti nyingi hazikubali. Huwa wanakipa dirishani, kamwe si safu ya mlango wa dharura. Omba mkanda wa kurefusha. Nyuzi zilegeze kidogo tu. Ukizilegeza zote kabisa, kijiti cha ndani kinachosimama chini ya daraja kitaanguka, na kukirudisha ni kazi ya fundi. Upinde wenye kipande cha pembe ya ndovu uache nyumbani, forodha hawana utani.

Mwenye swali
Asanteni. Nikishinda, ndiyo ajira?

UpindeMrefu
Bado, mkuu. Kuna kipindi cha majaribio, kwa kawaida hadi mwaka, na mwishoni wanaorkestra wenyewe hupiga kura. Hapo wanaangalia kama unafuata upinde wa kiongozi wa chelo na kama sauti yako inazama ndani ya kundi. Toni ya solo iliyokupitisha ndiyo ya kwanza kulalamikiwa.